Antivairasi ya Bure Ipimwe kwa Mwenendo Wake

Mtu anayenunua kompyuta ya nyumbani, iwe mpya au ya mtumba, karibu kila mara hupewa ushauri uleule: weka antivairasi. Hutafuta ya bure, huipakua, huiamuru ikague diski nzima, kisha husubiri hukumu. Ikisema imekuta vitisho 37 na kuvifuta, huamini kwamba amepata kifaa kikali. Ikisema haikukuta kitu, ama hutulia, ama huiondoa na kutafuta nyingine ambayo huenda itakuta. Naona jaribio la namna hiyo linapima kitu ambacho nyumbani hakipimiki, na kukiacha kile ambacho mwenye kompyuta peke yake ndiye awezaye kukipima. Uwezo wa kukamata virusi hupimwa na maabara zenye vifaa na utaratibu wa kazi hiyo. Nyumbani hupimwa mwenendo: programu inamtendea vipi mtu aliyeikaribisha, inatumia nini cha kwake, na inaondoka na nini.

Tuanze na ile namba 37. Kila kampuni huhesabu vitisho kwa kanuni zake. Moja huhesabu vidakuzi ambavyo tovuti za matangazo huviacha kwenye kivinjari, nyingine huhesabu programu zisizopendeza lakini zisizo na madhara, nyingine huhesabu faili moja mara nne kwa sababu limekutwa katika folda nne. Kampuni inayotoa toleo la bure ili baadaye ikuuzie toleo la kulipia hainufaiki kwa kukuambia kwamba kompyuta yako haina tatizo. Kwa hiyo namba kubwa haithibitishi ukali wa programu. Wala sifuri haithibitishi usafi wa mashine, kwa kuwa programu isiyoona kitu na mashine isiyo na kitu hutoa jibu lilelile. Mtu aliyepata sifuri kwa programu moja na 37 kwa nyingine hajajua bado lolote la maana kuhusu kompyuta yake.

Ugumu huu unatokana na jinsi kazi yenyewe ilivyobadilika. Mwaka 1986 ndugu wawili wa mjini Lahore, Pakistan, Basit na Amjad Farooq Alvi, waliandika programu ndogo iliyokuja kujulikana kama Brain, iliyojipachika kwenye sehemu ya kuwashia ya diski laini na kusafiri nayo kutoka mashine hadi mashine. Hicho ndicho hutajwa kuwa kirusi cha kwanza cha kompyuta za aina ya IBM PC. Katika miaka ile virusi vilikuwa vichache, na antivairasi ilitosha kubeba orodha ya alama za kila kirusi kinachojulikana, kisha kulinganisha orodha hiyo na kila faili. Orodha bado ipo, lakini haitoshi tena, kwa sababu waandishi wa virusi hubadilisha sura ya kazi zao kila siku, mara nyingi kwa mashine. Ndiyo maana antivairasi ya leo huchunguza pia matendo: programu iliyoingia sasa hivi na kuanza kubadilisha mamia ya picha na hati kwa kasi husimamishwa hata kama haimo katika orodha yoyote. Aidha, ikikutana na faili geni, huuliza kompyuta za kampuni yake kupitia intaneti kama faili hilo limeonekana mahali pengine na lilifanya nini. Ulinzi huo wa tabaka tatu haupimiki kwa kukagua diski iliyotulia. Unapimika pale tu shambulio halisi linapoingia, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeleta shambulio halisi kwenye mashine yenye picha za harusi yake na vyeti vya watoto.

Lipo jaribio moja salama ambalo mtu wa nyumbani anaweza kulifanya. Taasisi ya Ulaya iitwayo EICAR ilitayarisha faili la majaribio lenye alama 68 tu za maandishi ya kawaida. Si kirusi na haliwezi kudhuru chochote, lakini watengenezaji wa antivairasi wamekubaliana kulitambua na kulipigia kelele kana kwamba ni kirusi. Ukilipakua kutoka tovuti ya taasisi hiyo na programu yako ikanyamaza, jua imezimika au imeharibika. Ikipiga kelele, umejua kwamba imewashwa, inakagua kile kinachopakuliwa, na inajua namna ya kukujulisha. Hilo ni jambo la kufaa kulijua, hasa kwa kompyuta ya mtumba ambayo fundi aliyeiandaa huenda alizima ulinzi ili aingize programu zake. Lakini kila antivairasi, iliyo bora na iliyo hafifu, hulitambua faili hilo, hivyo haliwezi kukuambia ipi ni bora.

Kwa swali la ubora wapo wapimaji wa kweli. AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, huziweka programu nyingi katika mashine zinazofanana, huzipelekea virusi vipya vinavyozunguka wakati huo, na kuchapisha matokeo ambayo yeyote anaweza kuyasoma bila malipo. AV-TEST hutoa alama hadi 6 kwa ulinzi, 6 kwa wepesi na 6 kwa kutosumbua watumiaji kwa kushutumu faili zisizo na hatia, jumla 18. Kipimo hicho cha mwisho hakipaswi kupuuzwa. Tarehe 21 Aprili 2010 masasisho ya McAfee yalilishutumu faili muhimu la Windows XP liitwalo svchost.exe, na kompyuta katika ofisi, shule na hospitali za nchi mbalimbali zikawa zinajizima na kujiwasha bila kikomo. Antivairasi inayokamata sana inaweza kukamata hata mguu wa meza. Anayesoma matokeo ya maabara hizi kwa miaka kadhaa mfululizo ataona kwamba programu za bure za kampuni kubwa hukaa karibu sana na zile za kulipia, na sababu yake si siri: kwa kawaida kampuni hutumia injini ileile katika matoleo yote mawili, kisha huuza nyongeza kama VPN, hifadhi ya nywila na huduma kwa simu. Kwa hiyo swali la kama antivairasi ya bure inaweza kulinda kompyuta ya nyumbani limekwisha kujibiwa. Inaweza.

Linalobaki ni swali la mwenendo, na hapa maabara hazisaidii sana. Antivairasi haifanani na programu ya kuandikia barua au kusikilizia muziki. Ni mlinzi aliyekabidhiwa funguo za vyumba vyote. Ili iweze kufanya kazi hupewa mamlaka ya juu kabisa katika mashine, husoma kila faili linalofunguliwa, na nyingi hujiweka katikati ya kivinjari na tovuti ili zione hata mawasiliano yaliyofungwa kwa usimbaji. Programu yenye mamlaka hayo ikiwa na nia safi na kazi safi, ni msaada mkubwa. Ikiwa na tamaa, hakuna jasusi aliyewekwa mahali pazuri zaidi yake. Na kampuni inayolipa mishahara ya wataalamu mamia huku ikigawa kazi yao bila malipo lazima ipate fedha mahali fulani. Wengi hupata kwa njia ya haki kabisa, yaani kwa wale wachache wanaonunua toleo la kulipia. Lakini wapo waliokwenda mbali zaidi.

Kisa cha Avast ndicho kikubwa kuliko vyote, na kinastahili kuelezwa kwa kirefu kwa kuwa programu hiyo imewekwa kwenye kompyuta nyingi duniani, za Afrika Mashariki zikiwemo. Avast ilianzia Prague mwaka 1988, wakati nchi hiyo ikiitwa Chekoslovakia, na ilijijengea heshima kwa kugawa ulinzi bure. Mwaka 2016 iliinunua AVG, kampuni nyingine ya Kicheki iliyokuwa maarufu kwa programu yake ya bure. Lakini Avast ilikuwa na kampuni tanzu iitwayo Jumpshot. Kwa mujibu wa Tume ya Biashara ya Marekani, tangu mwaka 2014 Jumpshot iliuza kwa wateja zaidi ya 100 taarifa za safari za watu mtandaoni: ukurasa gani ulifunguliwa, saa ngapi, kwa kifaa gani, pamoja na utambulisho wa kivinjari usiobadilika. Majina yaliondolewa, lakini mwenye orodha ya kila ukurasa ambao mtu mmoja aliufungua kwa miezi kadhaa, ikiwemo kurasa za magonjwa, za dini na za siasa, hahitaji jina ili kumfahamu. Taarifa hizo zilikusanywa na viendelezi vya kivinjari na antivairasi ambazo watu waliziweka kwa ajili ya kulinda faragha yao. Mwishoni mwa 2019 Mozilla, inayotengeneza kivinjari, iliviondoa viendelezi vya Avast na AVG kwenye hazina yake, Januari 2020 waandishi wa habari wa Marekani wakafichua biashara yote, na ndani ya siku chache Avast ikaifunga Jumpshot. Februari 2024 tume ile ilitangaza kwamba Avast italipa dola milioni 16.5 na kwamba imepigwa marufuku kuuza taarifa za matembezi ya watu mtandaoni kwa ajili ya matangazo.

Jambo la kuzingatia katika kisa hicho ni kwamba katika miaka yote ile Avast ilikuwa inafanya vizuri katika vipimo vya kukamata virusi. Aliyeipima kwa ukali wake tu asingeona kasoro. Na haikuwa peke yake. Desemba 2015 mtafiti wa Google, Tavis Ormandy, alieleza kwamba kiendelezi kilichowekwa pamoja na AVG, chenye watumiaji wapatao milioni 9 kwenye Chrome, kilikuwa kimeacha wazi historia yao ya mtandaoni kwa tovuti yoyote iliyotaka kuichukua. Mwaka 2021 Norton iliongeza katika programu yake ya kulipia kipengele cha kuchimba sarafu za kidijitali kwa kutumia kompyuta ya mteja, huku kampuni ikijikatia asilimia 15 ya kilichopatikana. Kipengele hicho kilihitaji ridhaa, na hilo lisemwe kwa haki, lakini kinaonyesha mamlaka ya mlinzi yanavyoweza kugeuzwa mradi. Leo Norton, Avast, AVG na Avira zote ziko chini ya kampuni moja, Gen Digital. Anayehama kutoka moja hadi nyingine akidhani anabadilisha mwenyeji huenda amebadilisha rangi ya dirisha tu.

Sasa tuje kwenye jaribio lenyewe linavyoweza kufanywa nyumbani. Linaanza kabla ya kitufe cha kusakinisha kubonyezwa. Soma kila dirisha la usakinishaji na uangalie visanduku vilivyokwisha kuwekwa alama ya kukubali: je, programu inataka kuleta kivinjari chake, kubadilisha ukurasa wako wa kutafutia, au kutuma taarifa za matumizi yako kwa wahusika wengine? Programu yenye heshima huacha visanduku hivyo wazi uviweke alama mwenyewe ukipenda. Baada ya kusakinisha, fungua mipangilio ya faragha uone kinachotumwa na kama kinaweza kuzuiwa. Kisha pima uzito. Kompyuta nyingi za nyumbani kwetu zina kumbukumbu ya GB 4 na diski ya kizamani inayozunguka, na kwenye mashine kama hiyo tofauti huonekana kwa macho. Angalia muda inaochukua kuwaka kabla na baada, nakili folda yenye picha nyingi mara mbili na ulinganishe, kisha fungua Task Manager uone nani anatumia kichakata na diski wakati wewe hufanyi kitu. Pima na bando. Windows ina ukurasa unaoonyesha kila programu imetumia intaneti kiasi gani, na kwa anayenunua bando la siku au la wiki, antivairasi inayopakua matoleo mapya makubwa bila kuuliza ni gharama halisi, hata kama yenyewe ni ya bure. Hesabu na usumbufu pia: madirisha mangapi yanayokwambia kwamba kuna matatizo manane na kwamba kulipia ndiyo tiba? Onyo linalotolewa kwa ajili ya kuuza humzoesha mtu kufunga maonyo bila kuyasoma, na siku onyo la kweli litakapokuja atalifunga pia. Mwisho, jaribu kuiondoa. Programu inayokubali kuondoka bila mabaki na bila kubembeleza imekuonyesha jinsi inavyomchukulia mwenye mashine.

Ukifuata mtihani huo, mtahiniwa wa kwanza yumo tayari ndani ya mashine. Kila kompyuta yenye Windows 10 au 11 huja na Microsoft Defender, ambayo haihitaji kupakuliwa wala kusajiliwa, haina toleo la kulipia inalolinadi kwa madirisha ya vitisho, na hujizima yenyewe ukiweka nyingine, kisha hurudi kazini ukiiondoa hiyo nyingine. Pingamizi la kawaida, ambalo mafundi wengi bado hulirudia, ni kwamba Defender ni dhaifu. Zamani lilikuwa kweli. Iliyokuja na Windows Vista ilishughulikia programu za kijasusi tu, na mwaka 2012 Microsoft Security Essentials, ndugu yake ya bure kwa Windows 7, ilinyimwa cheti na AV-TEST kwa sababu ya ulinzi hafifu. Lakini hukumu ya mwaka 2012 haifai kuendelea kutumika leo. Defender kamili iliingizwa ndani ya Windows 8, ikaendelezwa, na kwa miaka mingi sasa imekuwa ikipata alama za juu kabisa katika maabara ileile iliyoinyima cheti. Haina utakatifu. Mwaka 2017 watafiti wa Google walikuta katika injini yake tundu la hatari ambalo Microsoft ililiziba kwa haraka. Vipimo vya wepesi vya Innsbruck mara nyingi vimeiweka nyuma ya washindani wake. Nayo hutuma sampuli za faili inazozitilia shaka kwa Microsoft, ingawa mpangilio wa kuzuia hilo upo.

Pingamizi lililo zito zaidi, na ambalo halizungumzwi vya kutosha katika ukanda wetu, ni la kompyuta isiyo na intaneti muda mwingi. Defender hutegemea sana kuuliza kompyuta za Microsoft, na vipimo vya AV-Comparatives vinavyolinganisha hali ya kuunganishwa na ya kutounganishwa vimeonyesha kwamba ikikatiwa mtandao uwezo wake wa kutambua virusi hushuka kwa kiasi kikubwa, wakati baadhi ya washindani hushuka kidogo tu kwa kuwa hubeba maarifa yao ndani ya mashine. Kwa familia inayounganisha kompyuta kwa simu mara moja kwa wiki, hii ni sababu ya haki ya kujaribu nyingine ya bure, mradi ipite ule mtihani wa mwenendo. Au wabaki na Defender na wawe na desturi ya kuisasisha kila wanapopata mtandao, kabla ya kitu kingine. Microsoft pia hutoa masasisho ya Defender kama faili moja linaloweza kupakuliwa kwenye kompyuta nyingine na kuletwa. Nawakubalia wanaotoa pingamizi hili. Wasilolikubali wengi wao ni matokeo yake: kwamba uchaguzi ufuate hali ya mtandao ya nyumba husika, badala ya kufuata sifa ya jumla ya programu.

Wengine husema basi ziwekwe mbili au tatu, zisaidiane. Antivairasi mbili zinazolinda kwa wakati mmoja hugombania kila faili, huweza kushutumiana, na hulemea mashine. Anayetaka maoni ya pili aweke programu inayokagua kwa kuamriwa tu, kama toleo la bure la Malwarebytes baada ya muda wake wa majaribio kwisha. Kwa faili moja linalotiliwa shaka, VirusTotal, huduma iliyoanzia Málaga, Hispania, mwaka 2004 na kununuliwa na Google mwaka 2012, hulipitisha mbele ya injini kadhaa kwa mara moja. Usipeleke huko hati za siri, maana kilichopakiwa kinaweza kuonekana na watafiti wengine. Na kwa wanaosema alipe tu mtu apate amani, jibu langu ni kwamba malipo hayakuzuia uchimbaji wa sarafu wa Norton kuwekwa ndani ya programu ya wateja waliolipa. Duka, shule au zahanati yenye kompyuta kadhaa na taarifa za watu wengine ina sababu ya kulipia usimamizi wa pamoja. Nyumba yenye kompyuta moja haina.

Mahali pa kupakulia pana uzito kuliko jina la programu. Biashara ya antivairasi bandia, ile inayokutisha kwa dirisha la kivinjari kwamba mashine yako imeambukizwa kisha ikakuuzia dawa, iliwahi kuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2008 Tume ya Biashara ya Marekani ilishtaki mtandao mmoja uliowalaghai watu zaidi ya milioni moja, na mwaka 2012 mahakama ikatoa hukumu ya dola zaidi ya milioni 163 katika shauri hilo. Kinachofanana na biashara hiyo hapa kwetu ni programu za kulipia zinazosambazwa bure zikiwa zimevunjwa kufuli, pamoja na vifaa vya kuamsha Windows isiyo na leseni. Mwishoni mwa 2021 wataalamu wa usalama walionyesha kwamba nakala za KMSPico, kifaa mashuhuri cha kazi hiyo, zilikuwa zikibeba Cryptbot, programu inayoiba nywila na pochi za sarafu za kidijitali. Vifaa hivyo humtaka mtumiaji azime antivairasi kabla ya kuanza, na anapotii amekwisha kubatilisha jaribio lolote alilofanya. Antivairasi iliyovunjwa kufuli ni jambo lisilo na utetezi hata kidogo, kwa kuwa mtu hukabidhi mamlaka ya juu ya mashine yake kwa asiyemjua ili kukwepa kulipia kitu ambacho kinapatikana bure kwa halali.

Fleshi nayo bado ni njia kuu ya maambukizi kwetu. Inatoka nyumbani, inakwenda steshenari kuchapishwa kazi, inapita kwenye mashine ambayo siku hiyo imepokea fleshi za watu kadhaa, inarudi na mafaili yamefichwa na mahali pake zikikaa njia za mkato zenye majina yaleyale. Anayebonyeza njia ya mkato humwamsha mdudu. Mdudu Conficker, aliyeanza kusambaa Novemba 2008, alitumia fleshi pia, na mwaka 2011 Microsoft ilisambaza masasisho ya kuzuia fleshi kujiendesha yenyewe kwenye matoleo ya zamani ya Windows. Hapa antivairasi yoyote iliyo hai husaidia kweli, na ndiyo maana ni vyema kuikagua fleshi kabla ya kuifungua. Ni vyema zaidi kutuma kazi kwa barua pepe au WhatsApp, ili fleshi isitoke nyumbani kabisa. Lakini kuna ulaghai ambao hakuna antivairasi itakayouzuia, kama ule ujumbe wa simu unaokuambia fedha ile uitume kwenye namba hii. Hapo hakuna faili la kukagua wala programu ya kusimamisha.

Mipaka ya antivairasi ilionekana waziwazi tarehe 12 Mei 2017, siku mdudu WannaCry alipoanza kufunga mafaili na kudai fidia ya dola 300 kwa kila mashine. Alifika katika nchi takriban 150 na kupiga kompyuta zaidi ya 200,000, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Tundu alilopitia lilikuwa limezibwa na Microsoft tangu tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Kompyuta iliyokuwa imesasisha Windows haikuwa na mlango ule, iwe ilikuwa na antivairasi ya bure, ya kulipia au isiwe nayo. Hali hiyo inatuhusu moja kwa moja sasa, kwa sababu Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Defender kwenye Windows 10 imeahidiwa kuendelea kupokea orodha mpya za virusi hadi mwaka 2028, na rangi yake ya kijani itaendelea kuwapa watu utulivu, lakini matundu ya mfumo wenyewe hayazibwi tena kwa asiyejisajili katika mpango wa nyongeza ambao kwa watumiaji wa nyumbani ulipangwa kufikia tarehe 13 Oktoba 2026.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kupakua antivairasi yoyote fungua Windows Security kwenye kompyuta yako. Hakikisha ulinzi wa wakati wote umewashwa, kisha ingia kwenye sehemu ya virusi vya kudai fidia na uwashe ulinzi wa mafolda, ambao huja ukiwa umezimwa. Angalia Windows yako ni toleo gani na ilisasishwa lini. Kama ni Windows 10 na mashine inaweza kubeba Windows 11, ihamishe, na kama haiwezi, jisajili katika mpango wa nyongeza, au muulize fundi unayemwamini akuwekee Linux, ambayo ni ya bure na hufanya kazi vizuri kwenye mashine kuukuu. Fedha uliyotaka kuitumia kwa antivairasi ya kulipia inunulie diski ya nje. Nakili humo picha, vyeti na hesabu zako, kisha ichomoe na kuiweka mbali na kompyuta, kwa maana kirusi cha kudai fidia hufunga pia diski kinayoikuta imechomekwa.